Bustani ya mboga haingoji mvua



Kwenye mkutano wa juzi swali moja lilirudi mara tatu: bustani ya nyumbani tuianze lini? Wengi walisema tungoje mvua ishike kwanza. Mimi nikajibu kwamba tuianze sasa, Agosti hii hii, wakati udongo bado ni mgumu kama tofali na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Mama mwenyekiti akasema, basi andika. Ndiyo haya.

Nianze na pesa, maana ndiyo inatusukuma. Septemba ni mwezi wa shule. Madaftari, viatu, shati jeupe, vyote vinatoka mfukoni kwa juma moja, na mimi mwalimu niko pande zote mbili: asubuhi nawauliza watoto wa wengine daftari liko wapi, jioni wangu wananiuliza mimi. Na ni wakati huohuo mboga zinakuwa chache sokoni. Zile za mabondeni zilizomwagiliwa kiangazi chote zinaelekea kwisha, na mashamba ya mvua hayajatoa kitu. Fungu la lengalenga lililotosha nyumba nzima mwezi wa saba, mwezi wa kumi linatosha watu wawili. Tena sisi wa Uvira tumebanwa kati ya mlima na ziwa, vyakula vingi vinatufikia kwa barabara ya bonde la Ruzizi ao kwa mpaka wa Kavimvira. Njia moja ikifungwa siku mbili tu, bei inapanda kabla ya saa sita mchana. Hilo hakuna mama anayehitaji kuelezwa.

Sasa tufanye hesabu. Mbegu ya lengalenga inaota kati ya siku nne na saba. Baada ya juma tatu ao nne unaanza kung'oa ile iliyosongamana na kuipika. Anayesia mbegu mwanzo wa Septemba anakula mboga yake mwanzo wa Oktoba. Anayengoja mpaka mvua ishike, kisha ndipo anatafuta jembe la kuazima, kisha mbolea, kisha mbegu, anakula karibu na Noeli, wakati ambapo lengalenga inaota hata kando ya barabara na jirani anakupa bure.

Kwetu lupango si letu. Tunalipa kodi kila mwezi. Baba watoto aliniuliza mwanzoni, kwa nini utajirishe udongo wa mtu mwingine? Ni swali la haki, na najua nyumba nyingi linazungumzwa hivyohivyo. Jibu langu lilikuwa kwamba mimi sipandi miembe. Lengalenga inanilipa ndani ya siku thelathini, na hata mwenye nyumba mkali namna gani hawezi kunifukuza upesi kuliko lengalenga inavyoota. Lakini nilikwenda kwanza kuongea na mama mwenye lupango, kabla ya kugusa jembe. Nilimwonyesha kona ninazotaka, nikamwahidi kwamba maji hayatasimama karibu na ukuta, na kwamba kila ninapovuna fungu moja litapita kwake. Alikubali siku hiyohiyo. Wamama mnaopanga, msianze bila neno hilo. Bustani iliyoanzishwa kwa siri inakuwa ugomvi siku ya kodi.

Jambo la pili ni udongo. Tunakaa upande wa mto Mulongwe. Mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto ulipotoka njia yake na kuchukua makumi ya watu na maelfu ya nyumba. Pale tunapokaa nyumba ilibaki, ila ua ulijaa mchanga na mawe kutoka juu, mengine makubwa kama sufuria ya harusi. Tulipohamia, miaka miwili baadaye, mawe yalikuwa yangali pale. Ukichimba unakuta mchanga, kisha kokoto, kisha mchanga tena. Maji unayomwaga yanapotea kama umeyamwaga kwenye kikapu.

Kuna vijana wanaopita wakiuza udongo mweusi kwa gunia, wanaochimba kule milimani juu ya mji. Nawaomba msiununue. Naijua hamu, mimi mwenyewe nikiuona ule udongo natamani kuushika. Lakini mlima uliochunwa miti na kuchunwa udongo ndio unaotutumia matope kila mvua kubwa. Tukiununua, tunalipa pesa ili mto utujie tena. Udongo tunaweza kuutengeneza hapa chini, kwa vitu tunavyovitupa.

Ninavyofanya ni hivi. Mwezi wa sita, mvua ya mwisho ikipita, naanza lundo kwenye kona yenye kivuli: majani makavu, maganda ya ndizi na ya muhogo, mabua, majivu kidogo ya makala, mavi ya mbuzi ya jirani, na udongo wa juu kidogo wa kuamsha kazi. Nalinyunyizia maji ya kuoshea mboga, nalifunika kwa majani ya mgomba, nalipindua kila juma mbili. Ndani nimechomeka fimbo ndefu. Nikiitoa ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, linataka maji. Ikiwa baridi na linanuka, limelowa sana, lipinduliwe lipate hewa. Darasani naeleza kwamba joto hilo linatoka kwa vidudu vidogo visivyoonekana, vinavyokula na kupumua. Watoto hawaamini mpaka washike fimbo.

Mama asiye na lundo asikate tamaa. Agosti hii tafuta mavi ya mbuzi ao ya ng'ombe ya zamani, yaliyokauka na kupoteza harufu. Yale mabichi, zaidi ya kuku, yanaunguza mizizi. Yaache chini ya kifuniko juma sita angalau. Chimba tuta upana usizidi meta moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Ondoa mawe, changanya mbolea na udongo mpaka kina cha jembe moja, mwagilia, funika kwa nyasi, acha lilale juma mbili. Magugu yatakayoota wakati huo yang'oe. Huko ndiko kuanza mapema: unapigana na magugu kabla mboga haijazaliwa.

Yale mawe ya mto tuliyapanga kuzunguka matuta, kuzuia udongo usiondoke mvua ikija. Kiwanja chenye mteremko, panga matuta kukata mteremko, si kufuata. Na Septemba jua likiwa bado kali, tuta lisiinuke sana. Novemba ndipo unaliinua na kuchimba mfereji pembeni, kwa sababu wakati huo adui si kiu tena, ni maji yaliyosimama.

Sasa mama mkwe wangu. Yuko kwetu tangu mwaka jana. Mashamba yake yako huko bondeni, mbele ya Sange, na kwa sasa hawezi kuyafikia. Aliingia nyumbani na nguo mbili na kitambaa chenye mafundo manne. Kila fundo lilikuwa na mbegu: lengalenga ya majani mapana, boga, maharage ya rangi mbili, na mahindi. Mtu aliyelima maisha yake yote kukaa kwenye kiti chini ya ukuta ni kama kumfunga. Siku za kwanza alikuwa anaamka saa kumi na moja, anazunguka nyumba, anarudi kukaa. Niliogopa zaidi kimya chake kuliko ugonjwa.

Kuhusu bustani hatukukubaliana mara moja. Yeye alitaka mahindi kila mahali, mpaka mlangoni, kwa sababu kwake kitu kisicho na mahindi hakiitwi shamba. Mimi nilitaka majani, kwa sababu lupango letu halifiki hatua ishirini kwa kumi na tano, na bua moja la mahindi linachukua nafasi miezi mitatu na zaidi kwa kutoa gunzi moja ao mawili. Tuligawana. Ukanda wa nyuma, kando ya ukuta wa jirani, ni wake; amepanda mahindi, na maharage yanapanda juu yake, na boga linatambaa chini. Sina budi kusema ukanda ule unapendeza kuliko wangu wote, na majani ya boga tunayapika hata kabla boga lenyewe halijakua.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusia lengalenga. Mbegu yake ni ndogo kama unga mweusi. Ukiirusha hivihivi inaanguka mahali pamoja. Yeye anachukua kifuniko kimoja cha mbegu, anachanganya na mikono miwili ya mchanga mkavu, kisha anarusha. Mchanga ule unaonekana juu ya udongo mweusi, hivyo anajua wapi amepita. Hafuniki kwa udongo mwingi, anapapasa tu kwa kiganja. Na ananiambia: «Mkamwana wangu, mvua ya kwanza inadanganya.» Maana mvua ya kwanza ya Septemba inaweza kunyesha leo, kisha jua likarudi juma mbili na kuua kila kilichoota. Kwa hiyo mbegu za shamba, mahindi na maharage, anazishika mpaka mvua ya pili ao ya tatu. Lengalenga ya kumwagilia kwa mkono haina shida hiyo, na ndiyo sababu inatangulia.

Kuhusu maji niseme wazi, kwa sababu hapa Uvira maji si jambo la mchezo. Tuta la meta mbili kwa moja linatosheka na bidoni moja ya lita 20 kwa siku, nusu alfajiri na nusu jioni. Ukifunika udongo kwa nyasi kavu, unapunguza. Maji ya kusuuza vyombo na ya kuoshea mchele ni mazuri. Yenye sabuni nyingi yapeleke kwenye mgomba. Lakini maji ya mfereji wa barabarani, na ya mto pale chini watu wanapofulia na kufanya mengine, yasiguse mboga ya majani. Kipindupindu tunakijua sisi kuliko wanaokiandika. Ila waliokiandika wamesema jambo la maana: utafiti uliofanywa hapa mjini kwetu, ukachapishwa 2015, ulionyesha kwamba siku zinazofuata bomba kukauka, wagonjwa wanaoingia na dalili za kipindupindu wanaongezeka sana. Basi kwangu kuna sheria. Siku bomba limekauka, maji yaliyobaki ni ya kunywa na ya kunawa mikono, na bustani inalala na kiu. Lengalenga ikifa nitasia nyingine. Na mboga yoyote, hata ya kwako mwenyewe, ioshwe kwa maji safi na iive.

Kati ya yote, haya ndiyo ningeyapanda kwanza. Lengalenga, kwa sababu ya haraka yake. Usiing'oe yote, iliyobaki ukiikata juu, ukaacha kiganja kimoja cha shina, inachipua tena mara kadhaa. Acha miche miwili mizuri ikomae kwa mbegu. Halafu matembele, kwa sababu hayahitaji pesa hata kidogo: omba kamba kwa jirani, kata vipande vya urefu wa mkono mpaka kiko, zika vifundo viwili ao vitatu chini ya udongo, mwagilia juma la kwanza, kisha yanajitunza. Ukichuma majani machache kwa kila kamba, mmea hauchoki. Vitunguu vya majani panda kwenye kopo bovu lenye matundu, hata dirishani. Sombe panda pembeni kabisa, isifunike wengine. Majani yake yanataka miezi mitatu hivi, na yanataka kutwangwa na kuchemshwa vizuri kama mama zetu walivyotufundisha, mtu asije akafupisha kwa sababu makala ni ghali. Nyanya chungu, miche mitatu ao minne inatosha nyumba, na inavumilia mvua.

Nyanya ya kawaida, ile ya rangi nyekundu, ndiyo iliyotugawa mkutanoni. Baadhi yenu mnataka chama kipande nyanya na shu za kuuza, tupate pesa ya likelemba. Sipingi pesa. Lakini nyanya ya wakati wa mvua inaugua upesi, majani yanakuwa meusi kama yamechomwa, na anayetaka kuiokoa anaishia kununua dawa kwenye chupa isiyo na jina, apulize leo na kuuza kesho kutwa. Anayeila ni mtoto wa mwenzako. Shu nayo inakaa miezi mitatu tuta zima, na viwavi wanaila kabla yako. Maoni yangu, mnaweza kuyakataa: msimu huu wa mvua kila nyumba ipande majani ya sufuria yake, ziada ndiyo iuzwe. Nyanya tuziweke kwa kiangazi, mwezi wa tano kwenye kitalu, mwezi wa sita zihamishwe, tuzimwagilie pamoja. Tena mama anayeuza lengalenga yote ili anunue mchuzi wa kopo, sijui amepata nini. Majani haya ya kijani yana vitamini A na madini ya kujenga damu, na ukiyapika na mawese kidogo, mwili unaichukua ile vitamini vizuri zaidi, mbali na ile iliyomo ndani ya mawese yenyewe.

Kwa wale wasio na ardhi hata ya tuta moja, wanaokaa chumba kimoja Kalundu ao waliosogezwa na maji ya ziwa yalipopanda, kuna gunia. Hili si jambo jipya. Kule Kibera, Nairobi, wamama wengi walilima kwenye magunia baada ya vurugu za 2008, na hapa kwetu Congo, kuanzia mwaka 2000, FAO ilisaidia wakulima wa mboga ndani ya miji mitano: Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Uvira haikuwemo, lakini gunia tunalo. Chukua la kilo 50, lisimamishe. Katikati weka kopo kubwa lisilo na tako, lijaze mawe madogo, zungushia udongo uliochanganywa na mbolea, kisha vuta kopo juu na kurudia mpaka gunia lijae. Yale mawe ya katikati ndiyo yanapeleka maji mpaka chini. Toboa matundu pembeni, panda matembele humo, na juu sia lengalenga ao vitunguu. Sisi tunayo matatu, kwa sababu siku tukihama yanahama nasi. Weka juu ya mawe mahali utakapoliacha, maana likishamwagiliwa halibebeki na mtu mmoja.

Kuku ni shida kubwa kuliko wadudu. Zungusha miti ao mabua mpaka mboga zikomae. Kuna nyumba nilizoona tuta limefunikwa chandarua kizuri, cha buluu, kilichogawiwa kwa ajili ya malaria, na mtoto analala bila kitu. Hapo sina maneno laini. Kilichotoboka kabisa, sawa. Kwa wadudu wadogo, majivu makavu juu ya majani asubuhi yanasaidia, na kupitia majani kwa mkono kila jioni kunasaidia zaidi.

Kazi hiyo ya jioni nimempa kijana wangu wa miaka tisa. Kuna wageni waliocheka kuona mvulana na bidoni ya mboga. Mama mkwe ndiye aliyewajibu, akauliza kama wavulana wa kwao hawali. Sasa wawili hao wanazunguka matuta pamoja saa kumi na moja jioni, yeye akimwonyesha kiwavi kinavyojificha chini ya jani, na kijana anamsomea maneno yaliyoandikwa kwenye mifuko ya mbegu za dukani. Yeye anazidharau mbegu zile. Anasema zinazaa mara moja halafu watoto wao hawafanani na mama. Kwa zile za chotara ana haki.

Mkutano wa Jumamosi utakuwa saa tisa. Kila mama alete kifuniko kimoja cha chupa cha mbegu yoyote aliyonayo, ndani ya karatasi, na aandike jina la mmea na mwezi alioivuna. Asiye na mbegu alete kamba tano za matembele zilizofungwa kwa kitambaa chenye maji. Mama mkwe atakuja na mafundo yake, na ameomba asikalishwe nyuma.